Uwanja Ule Ulikuwa Mtupu



Mwaka 2024 Aisha Masaka, mshambuliaji wa Twiga Stars, alijiunga na Brighton & Hove Albion na kuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa katika Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza. Alikuwa na miaka 20. Kabla ya hapo aliichezea Yanga Princess, kisha mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, ambako alifika hadi Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka huohuo wa 2022, Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa wasichana chini ya miaka 17 kule India. Nasi wa Mwanza tunayo Alliance Girls.

Tunashangilia haya redioni. Lakini nina jambo la kukiri.

Wakati wa likizo nilisaidia kupanga bonanza la vijana hapa Igoma. Nilipanga timu sita za wavulana kutoka jumuiya ndogo ndogo. Wasichana niliwaandika kwaya na jikoni. Binti mmoja wa kidato cha pili akanifuata: "Frateri, na sisi tunacheza lini?" Nikamjibu kuwa uwanja ni mmoja na muda hautoshi. Wavulana walimaliza saa kumi jioni. Uwanja ukabaki mtupu hadi giza, naye alikuwa akisugua masufuria.

Darasani tunasoma kwa Aristotle kwamba uwezo haujiamshi wenyewe. Huhitaji kuamshwa na kilicho tayari katika tendo. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani. Uwanjani nilishindwa. Masaka asingefika Uingereza kama hapo mwanzo hakuna mtu aliyempa mpira na nafasi.

Wapo wazazi wanaohofia mavazi, usalama na masomo. Hofu hizo si za kupuuzwa. Mama anayesubiri binti yake saa moja usiku anajua anachoogopa. Lakini zinajibika. Mazoezi yaishe kabla ya giza, awepo mama msimamizi, wazazi wapewe ratiba, na anayezembea darasani asubiri nje. Wavulana nao wanahitaji masharti hayohayo, ila hatujawahi kuwanyima mpira kwa sababu hizo.

Wengine watasema kazi ya Kanisa si kuzalisha wachezaji. Kweli, na wengi wao hawatalipwa hata shilingi kwa kucheza. Lakini mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu michezo, ikiitazama kama njia ya kumlea mtu mzima, mwili na roho. Kama mpira unamfundisha kijana wa kiume nidhamu na kushindwa bila chuki, dada yake hahitaji mafundisho hayo? Katika mfano wa talanta, Bwana alimkemea mtumishi aliyefukia ya kwake. Mimi nilifukia ya mwingine.

Naomba viongozi wa vijana parokiani tuanze na kidogo: mpira mmoja, Jumamosi moja, saa mbili uwanjani kwa wasichana. Na masufuria tuyaoshe kwa zamu, mafrateri tukiwemo.

Yule binti nitamtafuta likizo ijayo. Nina deni la jibu kwake.