Kibao cha Wales na Kitabu cha Douglass

KALAMU YA JUMAPILI
Na Hamisi Mwinyikombo

Aghalabu mwanafunzi wetu anapofunguliwa kitabu cha Kiingereza, nchi za wenye lugha hiyo humjia zikiwa zimevishwa nguo za sikukuu: kasri la mfalme, mnara wa saa wa London, chai ya alasiri, maghorofa ya New York. Sina ugomvi na picha hizo, maana ni za kweli. Lakini mwalimu anayekomea hapo humwacha mtoto na dhana kwamba Kiingereza ni milki ya watu waliobarikiwa tangu azali, na kwamba yeye ni ajinabi abishaye hodi mlangoni pao. Dhana hiyo, kwa maoni yangu, huwafunga ndimi vijana wetu kuliko ugumu wa sarufi.

Ningependa somo la historia na utamaduni wa nchi hizo lianzie Wales, nchi ndogo ya milima iliyo magharibi mwa Uingereza, yenye lugha yake ya kale iliyo mbali sana na Kiingereza. Mwaka 1536, katika enzi ya Mfalme Henry VIII, ilipitishwa sheria ya kuitia Wales ndani ya dola ya Uingereza, ikaamuru kwamba mashauri ya mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza na kwamba asiyekitumia asishike cheo cha serikali. Hata ikawa mkulima wa huko aliweza kuhukumiwa, katika ardhi ya babu zake, kwa maneno asiyoyafahamu. Katika karne ya 19 shule kadha wa kadha za Wales zilikuwa na kibao cha mti ambacho mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivishwa shingoni, naye akakaa nacho mpaka amsikie mwenziwe akitenda kosa hilo hilo ampokeze, na yule aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa.

Msomaji aliyepita katika shule zetu hana haja ya kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kibao cha namna hiyo, kama kilivyotumika Kenya, katika insha zake zilizotoka mwaka 1986, na wengi wetu tunawajua watu waliokivaa. Lakini ni wangapi kati ya waliokivaa walioambiwa kwamba watoto weupe, raia wa ufalme ule ule wa Uingereza, walikwisha kuonja idhilali hiyo kabla yao? Laiti wangaliambiwa, wasingalidhani kwamba aibu ile ilitoka katika rangi yao au katika upungufu wa lugha za wazazi wao.

Wala haki haitakuwa imetimia tukiificha nusu ya pili ya habari hii. Kibao cha Wales hakikuwekwa kwa amri ya serikali ya London; walimu wenyewe walikitumia, na wazazi wengi waliridhia, kwa kuwa waliona riziki imo katika Kiingereza. Mwaka 1847 makamishna watatu, ambao hakuna hata mmoja aliyejua lugha ya Wales, waliandika ripoti iliyoishutumu lugha hiyo kuwa kizuizi cha maendeleo na cha maadili, na ghadhabu iliyowapanda watu wa huko haijasahaulika hata leo. Hata hivyo lugha haikufa. Ilikuwa na Biblia yake tangu 1588, tafsiri ya William Morgan. Ikapata sheria ya kuilinda mwaka 1993, na hadhi rasmi kamili mwaka 2011. Na katika sensa ya 2021 watu wapatao 538,000 walisema kwamba wanaizungumza. Watu hao wanakijua Kiingereza pia, wala hawaoni kwamba moja ni adui wa nyingine.

Baada ya Wales ningempeleka mwanafunzi Baltimore, Marekani, ambako mtumwa mdogo, Frederick Douglass, alianza kufundishwa herufi na bibi wa nyumba alimokuwa akitumika, mpaka mume wa bibi huyo alipokataza, akihofu kwamba mtumwa ajuaye kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Douglass aliisikia hofu ile, akafahamu thamani ya kitu alichonyimwa. Alijifunza mitaani kwa watoto wa kizungu, akiwapa mkate nao wakimpa maneno. Akatoroka mwaka 1838. Na mwaka 1845 akatoa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa kwa Kiingereza fasaha. Mwaka huo huo alivuka bahari akafika Ireland, ambako ugonjwa wa viazi ulikuwa umeanza na njaa kuu ilikuwa ikibisha, akamsikiliza Daniel O'Connell, mtu aliyekulia Kerry akisema Kiairishi, akihutubia umma mjini Dublin kwa Kiingereza. Watu wawili hao, mmoja aliyekatazwa kusoma lugha hiyo na mmoja ambaye taifa lake lilikuwa likiachishwa lugha yake kwa ajili ya hiyo hiyo, waliifanya chombo cha kudai haki.

Najua mwalimu mwenye silabasi mkononi atasema kwamba mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi habari za Wales wala za Baltimore. Ni kweli, lakini unauliza ufahamu na insha, na kwa kazi hizo kitabu cha Douglass kinafaa sana, kwa kuwa ni kifupi, sentensi zake ni safi, na haki zake za kunakili zimekwisha zamani, hata shule fukara inaweza kukitoa nakala. Ningeomba wakuza mitaala waingize sehemu zake, pamoja na habari za kile kibao, katika masomo ya Kidato cha Kwanza. Maana hao ndio wanaotoka shule za msingi zilizowafundisha kwa Kiswahili, wakakuta karibu kila somo limegeuzwa lugha, na mara nyingi hakuna mtu aliyekaa nao kuwaeleza kwa nini.