Ati "sina breki"? Kuna watu kweli hawana

Wasee, kila mtu siku hizi ameandika kwa profaili "hustle bila breki". Sawa. Wacha niwaonyeshe wale ambao kweli hawana.

Kwa spidwei, pikipiki ni ya 500cc, gia moja, inakunywa methanoli. Wanne wanazunguka uwanja wa vumbi raundi nne, kona zote kushoto. Breki, hakuna. Na si ndio mtu aonekane mgumu. Wa mbele akishika breki ghafla, wa nyuma anampanda. Kwa hivyo unapunguza mwendo kwa kuachilia mafuta na kutelezesha tairi ya nyuma. Buda, kupunguza ndiyo kazi yenyewe! Hiyo sehemu huwa hamuandiki.

Luboš Tomíček wa Chekoslovakia aliijua hiyo kazi vizuri, na bado alikufa 1968 kwenye mbio za Zlatá přilba, huko Pardubice. Tangu 1969, Prague hufanya mbio za kumkumbuka. Kijana wake akaingia mchezo huo huo. Mjukuu pia, hadi akafika ligi za Uingereza. Wote watatu, jina ni Luboš Tomíček.

Mtaniambia hayo ni mapenzi ya mchezo. Labda. Mimi nawaza wale wa nyumbani, wamekaa jukwaani wanaangalia.

Niliacha chuo, so watu huja inboksi wakitaka niwaambie waruke tu. Huwa nawauliza kodi ya mwezi ujao inatoka wapi. Wengi hawajibu.