Dakika mbili za Rye Lane

Charles M'Mombwa alisawazisha dakika ya 50. Dakika ya 52 Ademola Lookman akafunga la pili, na furaha yetu ikaishia hapo. Ilikuwa Jumanne, 23 Desemba 2025, Taifa Stars ya Tanzania na Nigeria kwenye Afcon kule Fes, Morocco, nasi tumebanana kwenye saluni ya kunyolea ya Mnigeria, kwenye uchochoro unaotokea Rye Lane, Peckham, London. Lookman amekulia Peckham. Mle ndani kila mtu alimwita mtoto wetu, na sisi wenye Stars yetu tulikuwa wachache.

Lakini zile dakika mbili tulizipata. Mama mmoja wa Tanga, aliyekuwa amepita duka la jirani kuchukua samaki wakavu, aliangusha mfuko akamkumbatia mtu asiyemjua. Kijana aliyekuwa kitini aliruka na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alisimama na mashine inanguruma mkononi, akamsubiri amalize kushangilia.

Tangu siku ile hatujanyamaza. Kila Jumapili tunakutana, Watanzania, Wakenya wawili watatu, Mkongo mmoja wa Bukavu, na mada ni ileile: kocha. Nani kamwita nani, nani kamwacha nani, mbona kafanya mabadiliko kachelewa. Kufungwa na Nigeria tunakumeza. Kinachotukaa kooni ni jinsi tunavyowapata makocha na jinsi tunavyowaacha.

Chukua Hemed Suleiman, yule wanayemwita Morocco. Mzee wa Unguja anayekaa Old Kent Road hawezi kulitaja jina hilo bila sauti kubadilika. Huyu ndiye aliyewafikisha Zanzibar Heroes fainali ya Cecafa mwaka 2017 wakafungwa na Kenya kwa penalti. Ndiye aliyeishika Stars kwenye Afcon ya Ivory Coast, Januari 2024, baada ya kocha wake, Adel Amrouche, kufungiwa na CAF mechi nane kwa matamshi yake juu ya shirikisho la soka la Morocco. Mdomo wa kocha mmoja ukatuacha bila kocha katikati ya mashindano, na Hemed akabeba. Tarehe 19 Novemba 2024 akatufuzisha Afcon iliyofuata kwa bao la Simon Msuva dhidi ya Guinea, Uwanja wa Mkapa. Agosti 2025 akafika robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, wiki chache kabla ya Afcon aliyotupeleka yeye mwenyewe, akaondoka, timu akapewa Miguel Gamondi.

"Umelima, umepalilia, umelinda ndege," mzee alituambia, "halafu siku ya kuvuna unaambiwa shamba si lako." Hakuna aliyemjibu. Hata wanaompenda Gamondi walitazama chini.

Na wanaompenda wana hoja. Kaka mmoja wa Mbagala, dereva wa basi hapa London, anasema Muargentina huyu anaijua ligi yetu, aliwapa Yanga ubingwa, hakuja kusoma majina kwenye karatasi. Ndipo wale wa Simba wanapoinuka. Ukiitaja Yanga tu, basi, kikosi hakijadiliwi tena kama kikosi cha taifa. Beki akikosea wanauliza anatoka klabu gani kwanza. Ugonjwa huu tumeupandisha ndege, tumeshuka nao Heathrow, na wengine wetu tuna miaka ishirini hatujakanyaga uwanja wa nyumbani.

Upande mmoja wengi wetu tunakubaliana: vijana wa huku. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, anachezea Salford City, na Tarryn Allarakhia wa Rochdale. Kuna wazazi mle saluni wana watoto wanaocheza Jumapili asubuhi kwenye baridi kali, wanaongea Kiswahili cha kuombea maji. Kocha akimwita Mnoga, wazazi hao wanasikia kama wameitwa wao. Kwa hiyo mtu akisema vijana wa Ulaya wanawabania nafasi wa nyumbani, ubishi unakuwa mkali, na kinyozi analazimika kutuomba tupunguze sauti kwa sababu kuna wateja.

Kinyozi mwenyewe ana lake. Yeye kwake kocha wetu ni mmoja tu, Emmanuel Amunike, na hachoki kutukumbusha: mabao mawili kwenye fainali ya Afcon 1994 dhidi ya Zambia, bao la ushindi fainali ya Olimpiki 1996 dhidi ya Argentina. "Tuliwapa shujaa wetu," anasema, "mkamfukuza."

Amesema kweli, na inauma. Amunike alikuja Agosti 2018, na kabla hajacheza hata mechi moja aliwaondoa wachezaji saba kwa kuchelewa kuripoti kambini. Sita wa Simba, akiwemo nahodha wao John Bocco, na Feisal Salum wa Yanga. Tulimwita mkali kupita kiasi, tukasema hajui nchi ya watu. Wengine tukasema afadhali, mtu wa kunyoosha amepatikana. Mimi nilikuwa kwenye kundi hili la pili na sijahama. Kocha asiyeweza kumwacha mchezaji mkubwa nje hana kikosi, ana orodha ya wakubwa.

Na hakuweka kinyongo. Machi 24, 2019, Dar es Salaam, Stars wanahitaji kuifunga Uganda na kuomba Lesotho wasishinde kule Cape Verde. Msuva akafunga la kwanza. Ikaja penalti, na aliyeuweka mpira pale alikuwa Erasto Nyoni, mmoja wa wale saba wa Agosti. Akafunga. Aggrey Morris akaongeza la tatu. Kule Cape Verde ikaisha sare tasa, tukafuzu Afcon kwa pointi 8, mara ya kwanza tangu 1980. Na ile ya 1980 ilichezwa Nigeria kwenyewe, tukafungwa 3-1 na wenyeji mechi ya ufunguzi. Miaka 39, na aliyeturudisha ni Mnigeria.

Siku ile hakuna aliyesema ukali wake ni mbaya. Miezi mitatu baadaye, kwenye Afcon yenyewe, Cairo, tukaongoza mara mbili dhidi ya Kenya tukafungwa 3-2, Michael Olunga akatumaliza dakika ya 80. Senegal walitupiga 2-0, Algeria 3-0. Ukali uleule ukageuka kiburi. Akaondoka Julai, kabla ya fainali, na fainali yenyewe ikawa Algeria na Senegal, timu zote mbili za kundi letu. Makocha wangapi wa Afrika Mashariki wamepangiwa kundi kama lile? Nani alikaa naye mezani akamuuliza amejifunza nini?

Baada yake tumehesabu kwa vidole: Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen, Honour Janza, Amrouche, Hemed, Gamondi. Sita, na miaka saba haijatimia.

Halafu bahati. Januari 2024 tulipata pointi 2, tukashika mkia, tukarudi nyumbani. Zambia walikuwa kumi uwanjani na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Desemba 2025 tukapata pointi 2 zilezile, sare na Uganda, sare na Tunisia, na zikatupeleka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Pointi mbili zimekuwa aibu na zimekuwa historia. Mkongo wetu wa Bukavu husema kocha mwenye bahati ni bora kuliko kocha mwenye diploma, na dereva wa basi hapendi kabisa kusikia hivyo, kwa sababu anaona juhudi za vijana zinafutwa.

Tarehe 4 Januari, Rabat, wenyeji Morocco walitutoa 1-0, bao la Brahim Díaz. Dakika za nyongeza tulidai penalti, refa akapeta. Mle saluni, safari hii, Wanigeria walikuwa upande wetu. Kinyozi alizima mashine mwenyewe, akapiga kelele kwa Kiyoruba ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa.

Mechi 13 za Afcon, tangu 1980 hadi leo, hatujashinda hata moja. Mzee wa Unguja ana miaka sabini na kitu. Ile ya 1980, kule Lagos, aliisikiliza redioni akiwa kijana. Jumapili iliyopita alivaa koti, akachukua fimbo yake, akasimama mlangoni huku treni inapita juu ya daraja, akageuka.

"Wajukuu zangu, ile ya 2027 itachezwa kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda. Kocha atakuwa nani?"

Tukaanza upya. Alirudi akakaa, na koti lake mwilini.