Hata Peponi Kuna Karani

Wako wenzetu hapa Brussels wanaodhani tamthilia ya Kiswahili ni kitu cha kufanyia mtihani: ukishafaulu, unakitupa. Sisi tunasema hapana. Katika mji huu wa ofisi, makao ya Kamisheni ya Ulaya, hatujui kitabu kinachotufaa kuliko Aliyeonja Pepo cha Farouk Topan, kilichotoka mwaka 1973.

Kisa chenyewe ni chepesi. Roho ya mtu imepelekwa mbinguni kimakosa, badala ya roho ya mwingine, na sasa wakubwa wa huko wanahangaika na kosa lao. Wapo wanaonong'ona kwamba kuchezea mambo ya mbinguni ni utovu wa adabu. Wasome tena. Topan, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hamcheki Mungu. Anatucheka sisi, tusioweza kuiwaza hata Pepo bila meza, faili na karani.

Sisi wahandisi, mtambo ukiharibika tunatafuta kosa. Ofisini hutafutwa kwanza wa kulaumiwa, na akikosekana, kosa hugeuka kuwa kweli. Ndugu zetu wangapi wameandikwa kuwa wamezaliwa Januari mosi? Wangapi wametoka tumbo moja, lakini kwenye karatasi wana majina mawili ya ukoo? Tunanyamaza, kwa kuwa tumeonja pepo na tunaogopa kurudishwa.

Serikali huja na kuondoka. Kati ya mwaka 2010 na 2011 Ubelgiji ilikaa siku 541 bila kuunda serikali mpya, na makarani waliendelea kupiga mihuri. Kumlaani waziri peke yake, basi, ni kupoteza mate.

Wala tusijitoe. Hata katika vyama vyetu vya kuzikana, aliyekabidhiwa muhuri leo, kesho anataka apigiwe magoti. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, kitabu hiki kisomwe kwa sauti mikutanoni mwetu, wazee na watoto pamoja, na tucheke bila haya. Pili, kila mwenye jina au tarehe iliyokosewa aende akadai haki yake, vyeti mkononi, na mwenzake mmoja amsindikize. Karani akisema haiwezekani, mwambieni kwamba hata mbinguni kwa Topan kosa liliitwa kosa.