Ukuta wa Rangi Usirudi kwa Mlango wa Ada

Tarehe 1 Januari, 1962, wiki tatu tu baada ya Uhuru, Tanganyika ilifuta kisheria mtindo wa kuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Wapo wanaosema kwamba siku hiyo ubaguzi ulikwisha shuleni. Sisi tunaona kuwa hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki yafaa ikumbukwe leo.

Tumfikirie mtoto wa Kipare wa siku hizo, aliyekuwa akiteremka mlimani na mama yake kwenda gulioni Same. Chini ya ukoloni mtoto kama huyo, kama alibahatika kusoma, alisoma katika shule ya misheni au ya mamlaka ya wenyeji, na wenzake wengi waliishia darasa la nne. Mtoto wa Kizungu alitengewa shule yake ya bweni mjini Arusha. Wazazi wa Kipare hawakuwa watu wa kunyamazia dhuluma: kuanzia mwaka 1945 walikusanyika Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru.

Mwaka 1962 mtoto yule aliambiwa kuwa milango yote i wazi. Lakini shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada. Rangi haikuulizwa tena mlangoni. Iliulizwa fedha, ikaulizwa na lugha, na jibu likawa karibu lile lile. Tena nafasi zenyewe zilikuwa haba: Desemba 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari.

Kilichomfikisha mtoto huyo kwenye dawati ni hatua zilizofuata. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967. Ada za shule za msingi zikafutwa mwaka 1973, na mwaka 1977 ikatangazwa elimu ya msingi kwa wote.

Kwa nini tuizungumze Same huku Visiwani? Kwa sababu somo hili ni letu pia. Hapa nasi palikuwa na shule za jamii mbalimbali, kila moja na watoto wake, hata Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba, 1964. Mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri wakaketi benchi moja.

Tangu miaka ya 1990 shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeenea, na watoto wa wenye uwezo, wakiwamo wa viongozi, wamezidi kujitenga na watoto wa wengi. Hatusemi shule hizo zifungwe. Mzazi ana haki ya kumtakia mwanawe mema. Tunasema kwamba shule ya umma haina budi kuwa njema kiasi cha kumfanya mzazi asione haja ya kuikimbia.

Tunatoa mwito kwa kila afisa mwenye dhamana ya elimu ajiulize swali moja: je, shule ninayoisimamia ningempeleka mwanangu? Akisita kujibu, ajue kazi iko wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu tulikwisha kuubomoa mara moja.