TONGONI YATAKA WALINZI

Mwaka 1800 wakuu wa mji wa York, Uingereza, walitaka kuubomoa ukuta wa kale unaouzunguka mji wao. Raia walikataa. Ukuta ukabaki, na leo watalii wa kila taifa hutembea juu yake, na wenyeji hufaidika.

Sisi nasi tunayo Tongoni, kusini mwa Tanga. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, kazi ya mafundi wetu wa matumbawe na chokaa. Ni mbele ya pwani hiyo Wareno waliiteketeza merikebu yao São Rafael mwaka 1499. Ndugu zetu wa Pemba, wenye magofu ya Ras Mkumbuu, wanaijua thamani ya urithi huu.

Wako wasemao utalii ni mambo ya wageni. Hatukubaliani nao. Mgeni hutazama akaenda zake. Wanaobaki na makaburi ya wazee ni sisi. Bahari inaula ufukwe, na nguzo zilizoanguka ni nyingi kuliko zilizosimama.

Kwa hiyo twawataka viongozi wahusika waukinge ufukwe, wahakikishe fungu la kiingilio linarudi kijijini, na wanafunzi wa Tanga wafike hapo kabla ya mtalii wa ng'ambo. Wananchi nao wasichukue mawe ya magofu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Tongoni ukianguka, hakuna atakayeweza kuujenga tena.