Ubavu unauma na homa inapanda: msingoje asubuhi



Mwezi huu tunasema juu ya mawe ya figo. Wengi mnajua maumivu yake, ao mmeyaona kwa jirani. Mutu anashika kiuno, anajigeuza kitandani, hapati pahali pa kulala, anatapika. Maumivu yanatoka ubavuni, yanashuka mpaka kwenye kinena. Ni maumivu makali sana, na wamama waliozaa wanasema yanafanana na ya kuzaa. Lakini juu ya maumivu peke yake hatungejaza ukurasa huu. Mawe mengi madogo, yale yasiyopita milimita 5, hutoka yenyewe pamoja na mkojo, na mgonjwa anarudi kazini.

Jambo tunalotaka kila jamaa ijue ni hili: siku homa na kutetemeka vinapoongezeka juu ya maumivu hayo, ugonjwa si ule tena. Hapo hatuhesabu siku, tunahesabu saa.

Sababu ni hii. Figo ni mbili, ziko nyuma, chini ya mbavu. Kila figo inatuma mkojo kwenye kibofu kupitia mrija mwembamba, urefu wake karibu santimeta 25. Jiwe likikwama katika mrija huo, mkojo unabaki juu yake, na figo inavimba. Kama katika mkojo huo hamna mikrobe, mutu anaumwa lakini tuna wakati. Kama mikrobe zimo, zinazaana ndani ya maji yasiyotembea, mkojo unageuka usaha, na usaha huo unasukumwa kuingia katika damu. Kutoka hapo mwili wote unashambuliwa: moyo unakimbia, tansiyo inashuka, figo na mapafu vinaanza kushindwa kazi. Wanganga wanaita hali hiyo sepsisi. Si ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka wa 2020 ulihesabu kwamba katika mwaka wa 2017 watu karibu milioni 11 walikufa duniani pamoja na sepsisi ya namna mbalimbali, na sehemu kubwa ilikuwa katika inchi kama yetu.

Sasa, kwa nini kwetu watu wanachelewa? Kwanza, juu ya malaria. Mutu akiwa na homa na kutetemeka hapa Uvira, kila mmoja anasema malaria. Wanapima tone la damu, wanaona vijidudu, wanampa dawa, wanamrudisha nyumbani. Na kweli vijidudu vinaweza kuwamo. Katika inchi yenye malaria nyingi, mutu anaweza kutembea navyo katika damu, na huku kinachomuua siku hiyo ni kitu kingine. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo, hakijasema kwamba figo ni nzima. Wengine wanaambiwa ni tifoidi, kwa kile kipimo cha damu cha Widal kinachodanganya mara nyingi. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa: Unaumwa wapi? Akionyesha ubavu mmoja, na ukimgonga kidogo pale nyuma chini ya mbavu anaruka kwa maumivu, mwambieni muuguzi maneno hayo wazi. Msingoje aulize.

Kuna na mtego mwingine ambao hata watu wa kazi unaweza kuwakamata. Mkojo ukipimwa, unaweza kuonekana safi kabisa. Namna gani? Kwa sababu figo iliyozibwa haitumi kitu chini. Mkojo uliomo katika kichupa umetoka kwenye figo nzima ya upande mwingine. Usaha uko juu ya jiwe, umefungwa. Kipimo kinachosaidia hapo ni ekografi, ile mashine ya kutazama tumbo ambayo wamama wenye mimba wanaijua. Pengine haitaonyesha jiwe lenyewe, lakini itaonyesha figo iliyovimba. Mutu mwenye homa, ubavu unaouma, na figo iliyovimba, anapashwa kutendewa kama mutu wa hatari mpaka ijulikane kwamba sivyo.

Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa kukimbia. Kolera imetufundisha. Mutu akianza kuhara maji meupe usiku, hakuna anayesema tungoje tuone; vijana wanampakia kwenye pikipiki hata kama mvua inanyesha. Lakini huyu wa figo, kwa sababu hahari, anapewa kinini za maumivu, anafunikwa blanketi, na jamaa inasema: Kesho tutaona. Tunaomba mumbebe kwa haraka ileile.

Mkimbie hasa mkiona hivi: anatetemeka kwa baridi na joto limepita 38, anapumua mbiombio, anakojoa kidogo sana ao hakojoi kabisa, anatapika kila anachokunywa, anasema maneno yasiyoeleweka, mikono na miguu inakuwa baridi. Mzee anaweza kukosa homa kabisa. Mwili wake unakuwa baridi tu, analala, hataki kuongea. Usiseme amechoka. Na wengine hawana ruhusa ya kungoja hata kidogo: mama mwenye mimba, mutu wa ugonjwa wa sukari, na yule ambaye amebaki na figo moja tu.

Tena maumivu yakiisha ghafula baada ya sindano, msifurahi upesi. Sindano inanyamazisha maumivu, haizibui mrija. Na tukiwa hapo, tuseme juu ya farmasi za njiani. Sindano ya diclofenac inatuliza sana maumivu ya jiwe, ni kweli, lakini figo iliyozibwa na mwili uliokaukiwa maji vinaweza kuharibiwa nayo zaidi. Gentamisini nayo inataka mutu anayejua kipimo na hali ya figo. Hizi si dawa za kujinunulia na kuchomwa na jirani. Na bia? Kuna wanaosema chupa mbili zinasukuma jiwe. Mutu mwenye usaha katika figo, ukimjaza bia ao maji lita tano, unaongeza tu maumivu juu ya pahali palipozibwa.

Hospitalini watampa nini? Kwanza serumu na antibiotiki katika mshipa, na hapo wepesi ni uzima: akiwa katika hali mbaya, antibiotiki inapashwa kuingia katika saa ya kwanza, hata mbele ya majibu yote ya laboratwari. Lakini sikieni vizuri. Antibiotiki peke yake haitoshi kama njia imezibwa. Ninyi wote mnajua jipu. Umeza kinini unavyotaka, jipu lenye usaha halitapona mpaka litobolewe. Figo iliyozibwa ni vilevile. Dawa inatembea katika damu, na pale penye usaha haifiki vizuri.

Kuna njia mbili za kuufungulia. Munganga anaweza kupitisha kamrija kadogo kutoka chini, katika njia ya mkojo, kakapita pembeni ya jiwe mpaka katika figo. Ao anatoboa kutoka mgongoni, kwa kufuata ekografi, akiisha kuchoma dawa ya ganzi, na usaha unatoka katika mfuko uliofungwa nje. Njia hii ya mgongoni ilielezwa Marekani mwaka wa 1955, si jambo la jana. Uchunguzi wa mwaka wa 1998 ulilinganisha njia hizo mbili ukaona zinasaidia sawasawa, kwa hiyo inachaguliwa ile ambayo munganga wa pale anaiweza. Pasipo vyombo hivyo, munganga wa upasuaji anaweza kufungua kwa kisu. Na je, inaleta tofauti? Marekani, mwaka wa 2013, walitazama wagonjwa zaidi ya 1,700 wenye jiwe na sepsisi. Kati ya waliofunguliwa njia, karibu 9 kwa 100 walikufa. Kati ya wasiofunguliwa, 19. Na huko ni hospitali zenye kila kitu.

Jamaa nyingi zinagombana na hospitali juu ya jambo hili: Tumelipa, na jiwe bado limo! Ndiyo, limo, na ni sawa. Kulishikashika jiwe ndani ya usaha kunasukuma mikrobe zaidi katika damu. Kwanza usaha utoke, homa iishe, mutu apate nguvu. Jiwe litashughulikiwa baadaye, baada ya siku ao majuma. Munganga anayekuambia hivyo hakuibii.

Sasa njia. Aliye Misisi, mbele ya kufika Uvira anapita Fizi, Baraka, Mboko na Makobola, na wakati wa mvua kila mto ni swali. Aliye Uvira, kama anatumwa Bukavu, ana bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola na kisha milima ya Ngomo. Bujumbura ni karibu zaidi, lakini mpaka hauko wazi kila saa, wala kila mwaka. Kwa hiyo msitoke mikono mitupu. Mwambieni muuguzi wa kituo cha afya ampe antibiotiki ya kwanza na serumu mbele ya kuondoka, na aandike katika barua saa aliyompa. Mwombeni munganga apige simu kule mnakokwenda, aulize mambo mawili tu: Ekografi iko? Kuna anayeweza kufungulia figo usiku huu? Ni hasara kubwa kusafiri saa nane kufika penye vitanda vizuri pasipo mutu wa kazi hiyo.

Feza nazo. Tunajua, wengi wanangoja likirimba ilipe, ao wanatafuta mnunuzi wa mbuzi kwanza. Mwenye mutuelle apeleke kadi yake. Asiye nayo, jamaa itume mgonjwa na mutu mmoja, wengine wabaki wakitafuta. Maombi vilevile: kumwombea mgonjwa ni vizuri, na Mungu anamsikia hata akiwa kwenye pikipiki. Asilazwe siku tatu katika chumba cha maombi huku mkojo umekatika.

Juu ya kuzuia mawe, ni maneno machache. Kwetu ni joto, na anayetoka jasho shimoni toka asubuhi bila kunywa, mkojo wake unakuwa mzito na mawe yanafanyika. Dereva na mama wa sokoni nao hujinyima maji kwa kukosa choo. Kunyweni mpaka mkojo uwe mweupe karibu kama maji, na yawe maji yaliyochemshwa ao yenye dawa, kwa sababu hatutaki kukimbia mawe tukaingia katika kolera. Chumvi ipunguzwe. Aliyekwisha kutoa jiwe mara moja ajue linaweza kurudi.

Jambo la mwisho kwa wale waliowekewa kamrija ndani. Hakaonekani, hakaumi sana, na mutu akipona anakasahau. Kakikaa muda mrefu kanaota mawe juu yake, na kukatoa kunakuwa kazi ngumu. Mbele ya kutoka hospitalini ulizeni: Tarehe gani katatolewa, na wapi? Andikeni jibu juu ya fishi ya mgonjwa, na mutu mwingine wa nyumbani aijue tarehe hiyo pia.